Usisubiri zamu ya shule, mpeleke mwenyewe

Kama una binti wa miaka 9 hadi 14 hapa Tanzania, ulizia kama alishachanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kama siku ya chanjo shuleni hakuwepo, au hasomi, mpeleke kliniki ya chanjo. Ni bure, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Mbona mapema hivyo? Chanjo huzuia virusi hivyo visiingie mwilini, ila vikishaingia haivitoi, hivyo inafaa itangulie kujamiiana. (Na hapana, haimfanyi mtu kuwa tasa.) Anayeishi na VVU huhitaji dozi zaidi, mwambie nesi. Haikingi aina zote za HPV, wala mimba, wala kaswende. Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa saratani hiyo.