Jinsi ya kusoma mitokondria za nguruwe wa mbegu adimu, kuanzia unywele mpaka mstari wa mama

Watu wakifuga mbegu (yani aina) adimu ya asili ya nguruwe wanahesabu vichwa, majike 40, madume 9, basi wametulia. Ila swali linaloniuma mimi ni hili, hao majike 40 wametoka kwa mabibi wangapi? Maana unaweza ukawa na majike 40 na wote wakawa wajukuu na vitukuu vya jike mmoja aliyekuwa anazaa sana, hapo kwa upande wa mama una mstari mmoja tu na ukiyumba umekwisha.

Mitokondria ndo zinajibu hilo swali. Ni vile vijumba ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, na vina DNA yao wenyewe nje ya kiini. Ya nguruwe ni duara la herufi za DNA (A, C, G na T) kama 16,600 hivi na jeni 37, na uzuri wake ni kwamba mtoto anaipata kwa mama peke yake. Mbegu ya dume (shahawa) nayo ina mitokondria ila zikishaingia kwenye yai zinaharibiwa. Kwa hiyo hakuna kuchanganyika, jike anampa binti, binti anampa mjukuu, vilevile ilivyo, labda herufi moja igeuke baada ya muda mrefu sana.

Sasa anza na daftari la uzazi, maabara baadaye. Chukua kila jike aliye hai, andika mama yake, mama wa mama yake, endelea hivyo mpaka rekodi zinapokatika. Yule wa mwisho unayemfikia mpe jina la mstari. Ukimaliza utakuta majike wengi wanakutana kwa bibi walewale wachache, alafu ndo unachagua wa kupima, wawili kwa kila mstari na wawe wa matawi yaliyoachana mbali. Usipime ndugu watano wa tumbo moja, yani hiyo ni hela ya bure, wote wana kitu kilekile. Na kama mstari umebakiza dume tu mpime huyohuyo, yeye hawezi kurithisha ila bado amebeba ya mama yake, kwa hiyo ni shahidi.

Sampuli rahisi ni nywele. Shika mafungu madogo mgongoni pale zilipo ngumu, bana karibu kabisa na ngozi kwa vidole au plaizi, vuta kwa nguvu mara moja. Angalia kila unywele kwenye mwanga: ncha ya nje ya unywele wa nguruwe imepasuka kama brashi, upande wa pili lazima uone kifundo cheupe kidogo, hicho ndo mzizi na hapo ndo seli zilipo. Nyingi hukatika bila kifundo, kwa hiyo endelea mpaka upate 20 au 30 zenye vifundo. Ukikata na mkasi mitokondria kidogo zipo hata kwenye unywele wenyewe ila maabara watahangaika bure. Weka kwenye bahasha ya karatasi, siyo nailoni, nailoni inatunza unyevu na sampuli inaoza. Andika namba ya sikio kwenye bahasha KABLA hujamshika nguruwe anayefuata na badilisha glavu, kuchanganya sampuli hapa ndo kunaua kazi yote na hakuna kompyuta itakayokuokoa. Kama unamkata alama ya sikio siku hiyo basi kile kipande kitie kwenye ethanoli, ni kizuri kuliko nywele.

Maabara waambie unataka eneo la D-loop, ndo sehemu inayobadilika haraka kuliko nyingine, na waisome pande zote mbili. Kuna kitu cha nguruwe hapa lazima ukijue: katikati ya hilo eneo kuna herufi kumi, CGTGCGTACA, zinazojirudia moja baada ya nyingine mara nyingi, na idadi ya marudio inatofautiana hata ndani ya nguruwe mmoja. Ndo maana grafu ya usomaji, ambayo kila kilele chake ni herufi moja, ikifika pale vilele vinaanza kupandana na huelewi kitu. Usiogope na usihesabu yale marudio kama tofauti ya ukoo, yakate yote, tumia herufi zilizo kabla yake, 600 au 700 safi zinatosha kabisa kuanzia. Kama hela ipo soma duara zima, maana mistari miwili inaweza kufanana kwenye D-loop ikatofautiana kwingine. Na ukiona vilele viwili sehemu moja ambako hakuna marudio rudia kipimo, huenda sampuli imechafuka, au umenasa kipande cha zamani cha mitokondria kilichohamia kwenye kiini cha seli, vipo.

Faili zikija zipange kwenye MEGA, programu ya kompyuta ya kulinganisha DNA, ni ya bure, pamoja na mfuatano wa rejea wa nguruwe ulioko GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, kwa namba NC_000845. Hapo unatazama safu kwa safu, huyu ana T pale wenzake wana C, waliofanana herufi zote ni haplotaipu moja. Alafu zipitishe BLAST, kitafutio cha kuzilinganisha na zilizoko GenBank, uone zinakaa na nani.

Kusoma majibu ndo watu wanapoteleza. Mbegu ya Ulaya ikionyesha mstari wa Asia mwenye nguruwe anahuzunika anadhani kauziwa chotara. Hapana ndugu. Nguruwe wa China waliletwa Uingereza karne ya 18 na 19 kuboresha mbegu za kule, na mpaka leo Berkshire na Large White wana mistari ya Asia ndani yao, wakati nguruwe wa Iberia karibu wote ni wa Ulaya. Mstari wa Asia unakwambia bibi mmoja wa zamani alitoka wapi, haukwambii nguruwe huyu ni wa Asia kiasi gani. Vilevile kufanana na nguruwe pori wa Ulaya hakumaanishi kuna pori aliruka uzio juzi, wafugwao wa Ulaya na pori wa huko wanatoka kundi moja.

Wawili wa mstari mmoja daftarini wakitofautiana wazi, daftari limekosea. Mara nyingi chanzo ni vitoto kuhamishiwa kunyonya kwa jike mwingine na mtu akaja kumwandika aliyenyonyesha kama mama. Ila wakifanana usishangilie kwamba daftari limethibitika, mistari mingi inaweza kuwa na haplotaipu moja. Kipimo hiki kinakataa ukoo, hakithibitishi.

Sasa hesabu ya utofauti wa haplotaipu. Tuseme mistari 10: minane haplotaipu A, mmoja B, mmoja C. Zidisha kila sehemu kwa yenyewe, 0.64 na 0.01 na 0.01, jumla 0.66, toa kwenye 1 unabaki na 0.34, zidisha kwa 10 gawa kwa 9, unapata 0.38 hivi. Moja ingemaanisha kila mstari una yake. Namba yenyewe siyo ya kuing'ang'ania sana, mi naangalia zaidi yule B na yule C wako kwa nani na wana umri gani, maana jike akizaa madume matupu, au mabinti wake wote wakauzwa kuchinjwa, mstari umekufa siku hiyohiyo hata kama madume yake yana watoto mia.

Na hili nalisema kwa uchungu: benki ya mbegu za dume haiokoi mstari wa mama. Majike wakiisha ukachukua mbegu zilizogandishwa ukapandisha majike wa aina nyingine, damu ya mbegu yako inarudi kizazi cha kwanza nusu, cha pili 3/4, cha tatu 7/8, cha tano 31/32, sura imerudi, masikio yamerudi, lakini mitokondria bado ni za yule jike mgeni kwa asilimia 100. Kugandisha viini tete inawezekana ila vya nguruwe ni vigumu kuliko vya ng'ombe kwa sababu vina mafuta mengi ndani.

Kwa hiyo ukishampata jike wa B, uzao wake unaofuata usiuze binti hata mmoja mpaka uwe na watatu wanaofaa kuzaa, na mmoja kati yao apelekwe shamba lingine kabisa, homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia banda moja haichagui mstari. Mpandishie dume yeyote mzuri wa mbegu hiyo asiye ndugu yake, mstari wa dume hapa hauhusiki. Kisha kwenye daftari, pembeni ya jina la kila binti andika herufi ya haplotaipu yake, na binti yake naye uandike, bila kumpima tena maadamu umemwona kwa macho anatoka kwa mama yake.