Mambo ya Kuzingatia Kabla Uwanja wa Gofu Haujaingia Msimu wa Baridi

Uwanja wa gofu unapofungwa kwa sababu ya baridi, sehemu kubwa ya yale yatakayoonekana siku ya kuufungua tena huwa imekwisha kuamuliwa. Udongo ukishaganda, mbegu haioti, mzizi haurefuki, na hakuna kidonda cha nyasi kitakachopona hadi joto lirudi. Kazi pekee inayobaki ni kulinda kile kilichokwisha kuandaliwa. Kwa hiyo matayarisho yanapaswa kufuata joto la udongo kuliko tarehe za kalenda. Msimamizi anayechomeka kipimajoto ardhini kila asubuhi, kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, atajua mapema kuliko mwenzake anayetazama ubao wa matangazo ni lini dirisha la kazi linafunguka na lini linafungwa.

Jambo la kwanza ni kuijua nyasi iliyopo, kwa kuwa aina zote haziathiriwi na baridi kwa namna moja. Nyasi za maeneo ya joto, kama bermuda, huacha kukua, hugeuka rangi ya majani makavu na kulala joto la udongo linaposhuka chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi hivi. Hazijafa, ila hazina uwezo wa kujitengeneza zikikanyagwa sana. Nyasi za maeneo ya baridi huendelea kujenga mizizi wiki kadhaa baada ya majani kupunguza kasi ya kukua, na wiki hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika mpango mzima. Hata ndani ya kundi hili kuna tofauti inayofaa kukumbukwa: agrostis, ambayo hupandwa sana kwenye grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kutumbukizia mpira), inaweza kustahimili kufunikwa na barafu kwa miezi mitatu na zaidi, ilhali poa, ambayo mara nyingi hujipenyeza bila kualikwa, huweza kuanza kufa kabla miezi miwili haijatimia. Grini yenye mchanganyiko wa hizo mbili itafufuka kwa mabakamabaka, na ni vyema mabaka ya poa yachorwe kwenye ramani mapema ili yajulikane ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Baada ya hapo ni maji, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Baridi kavu peke yake haiui nyasi iliyojiandaa vizuri kwa wepesi unaodhaniwa. Hatari kubwa huja mwishoni mwa msimu, siku mbili tatu za joto zinapoyeyusha theluji, maji yakasimama juu ya ardhi ambayo bado imeganda chini, kisha usiku baridi kali ikarejea ghafla. Kitovu cha mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi, huwa kimenyonya maji hayo na kuanza kuamka. Maji yakiganda ndani yake, chembe hai hupasuka na mmea hufa. Mara nyingi majani hubaki na rangi ya kijani kwa siku kadhaa, na anayetazama kwa mbali hudhani mambo ni salama.

Wengi hujibu tishio hilo kwa kusema kwamba grini zao zimejengwa kitaalamu. Ni kweli kwamba mfumo uliopendekezwa na USGA, yaani Chama cha Gofu cha Marekani, mwaka 1960, wenye takriban sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, hupitisha maji haraka sana wakati wa kiangazi. Lakini tabaka hilo likishaganda halipitishi chochote, na grini ghali kuliko zote huwa kama sinia lililowekwa mezani: maji yataondoka tu ikiwa ukingo una mahali palipo chini. Na ukingo, kwa bahati mbaya, huinuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu mchanga unaomwagwa juu ya grini husukumwa na brashi na mashine hadi pembeni, nao mchanga unaorushwa na mipira kutoka bunkani, yaani kwenye mashimo ya mchanga, hujilimbikiza hapo hapo. Kwa hiyo, kabla ya baridi, msimamizi na wasaidizi wake wazunguke uwanja mzima wakati mvua kubwa inanyesha, au mara tu inapokatika, wakiwa na rangi ya kupuliza, wachore kila mahali maji yanaposimama. Panapozibwa na ukingo, watoe ukanda mwembamba wa nyasi pamoja na udongo wake, wachimbe mfereji mfupi wa kuteremshia maji nje ya grini, na kuihifadhi nyasi hiyo ili irudishwe majira ya kuchipua. Kazi hii haipendezi machoni, na wajumbe wa kamati wataiuliza maswali, lakini sijui nyingine yenye gharama ndogo inayookoa eneo kubwa kiasi hicho. Mitaro ya fewei (njia pana ya nyasi fupi inayoelekea grini), mashimo ya kukusanyia maji na midomo ya mabomba isafishwe majani siku hizo hizo.

Mfumo wa umwagiliaji unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba, vali au kiungo kilichojaa maji hakina namna ya kukwepa nguvu hiyo. Kwanza chanzo cha maji kifungwe, pampu ifunguliwe na kukaushwa, kisha kompresa ya hewa iunganishwe na mabomba, na vinyunyizi vifunguliwe kwa zamu hadi kila kimoja kitoe ukungu mwembamba na mwishowe hewa tupu. Kinachotakiwa ni hewa nyingi kwa mgandamizo mdogo. Katika mabomba ya plastiki wengi hawapitishi baa 5. Lazima kuwe na kinyunyizi kilicho wazi kabla kompresa haijawashwa, ili mgandamizo usije ukajikusanya ndani, na mtu yeyote asiiname juu ya kinyunyizi wala kiungo wakati hewa inapita, kwani kifuniko kikifyatuka kinaweza kumjeruhi vibaya. Kinyunyizi kilichokwisha kukauka kisiachwe kikizunguka kwa hewa kavu, maana gia zake hutegemea maji kupunguza msuguano. Ni busara kurudia mzunguko wote mara ya pili, kwa sababu maji yaliyosalia kwenye kuta za mabomba hutiririka na kukusanyika tena mabondeni. Hata hivyo, usiharakishe kufunga mfumo wakati upepo mkavu bado unavuma: grini za mchanga hukauka upesi, na nyasi inayoingia baridini ikiwa na kiu huumia kama ile iliyozama. Palipo na uwezekano, tangi la kukokotwa libaki tayari kwa ajili ya vilima vinavyopigwa na upepo.

Kuhusu lishe, kosa la kawaida ni kutaka uwanja uonekane wa kijani kibichi hadi siku ya mwisho. Naitrojeni nyingi inayoyeyuka haraka, ikitiwa karibu na baridi, hulazimisha majani mapya laini yenye maji mengi, ambayo hupasuka kwa jalidi na kuwa chakula cha kuvu. Udongo upimwe mapema, potasiamu irekebishwe palipo na upungufu, na naitrojeni itolewe kwa vipimo vidogo ambavyo mmea unaweza kuvitumia kabla haujalala. Urefu wa kukata nao uongezwe kidogo kidogo. Grini iliyokuwa ikikatwa kwa milimita 3 wakati wa mashindano haina sababu ya kuingia msimu wa baridi kwa kimo hicho, kwa kuwa jani refu kidogo linakusanya mwanga zaidi katika siku fupi na kuujaza mmea akiba.

Kutoboa udongo kwa mashine inayotoa vipande vya mviringo kukamilike angalau mwezi mmoja kabla ukuaji haujasimama, ili matundu yapate muda wa kuziba; matundu yaliyoachwa wazi hukausha mizizi iliyo pembeni yake. Mchanga wa kufunika ni tofauti, kwani safu yake nzito kidogo kuliko ya kiangazi hutiwa mwisho kabisa, wakati nyasi imekwisha kutulia, nayo hukinga vitovu dhidi ya upepo.

Magonjwa ya msimu huu yanajulikana, na yanazuiwa kabla, hayatibiwi baada. Ukungu wa theluji wa kijivu huhitaji theluji ikae muda mrefu juu ya nyasi, huku ule wa waridi ukiweza kushambulia hata pasipo theluji, mradi kuna baridi na unyevu wa siku nyingi mfululizo. Dawa ya kuvu hunyunyizwa kwenye grini na sehemu za kupigia mpira wa kwanza karibu kabisa na theluji ya kudumu, baada ya ukataji wa mwisho. Ikitangulia mno, nyasi hukua na kuiondoa, na ikichelewa, theluji huwa imefunga njia. Kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kifuatwe, na mtu mwenye ruhusa ya kisheria ndiye ashike bomba. Majani ya miti yaliyoanguka yaondolewe au yasagwe, kwa sababu tabaka lililolowa hufanya kazi ileile ya theluji bila faida zake.

Wenye vifuniko wahakikishe kwamba havina matundu, kwamba vigingi vinatosha, na kwamba havitandazwi wakati nyasi bado inakua, maana joto la chini yake huirudisha katika ukuaji laini. Vile visivyopitisha hewa vinataka njia ya kupumulia, la sivyo gesi hujikusanya chini yake.

Sasa tuje kwa watu, ambao huenda ni wagumu kuliko barafu. Uamuzi wa lini uwanja ufungwe asubuhi usiachwe ujadiliwe mlangoni na mchezaji aliyekwisha kuvaa viatu. Iandikwe mapema, na ijulikane kwa wanachama wote, kwamba msimamizi wa uwanja ndiye mwenye kauli ya mwisho. Jani lenye jalidi likikanyagwa hupasuka ndani, na alama za nyayo hubaki nyeusi au kahawia kwa siku nyingi. Kibaya zaidi, ingawa hakionekani, ni kukanyaga grini ambayo sentimita chache za juu zimeyeyuka huku chini pakiwa pameganda bado: tabaka la juu huteleza na kukata mizizi, na matokeo yake hujitokeza miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka sababu. Grini za muda ziandaliwe kwenye fewei kabla ya kuhitajika, zikatwe taratibu hadi zipendeze kiasi, kwa sababu mchezaji anayepewa mbadala wa hovyo atadai kurudishiwa ile ya kweli. Njia za mikokoteni na magari zibadilishwe kwa kamba na vigingi. Kamati inaweza pia kutumia Kanuni ya Mfano ya Uwanja E-3, moja ya kanuni za hiari za gofu, inayomruhusu mchezaji kuuinua, kuusafisha na kuuweka upya mpira ulio kwenye nyasi iliyokatwa kwa kimo cha fewei au chini yake.

Miti ya kupunguzwa iwekewe alama wakati ingali na majani, kwa kuwa kivuli chake hakionekani sawasawa matawi yakiwa matupu. Kukata kwenyewe kunafaa zaidi ardhi ikiwa imeganda na inabeba mashine nzito bila kuchimbika. Jua la msimu huu hupita chini, hivyo mti usio na madhara kiangazi unaweza kuiacha grini gizani hadi adhuhuri na kuzuia barafu isiyeyuke. Bunka zikaguliwe mabomba yake ya chini, lakini mchanga mpya usubiri, kwani mvua na theluji zitauchafua.

Karakana ndiyo itakayokuwa na shughuli nyingi zaidi. Visu vya mashine za kukatia vinolewe na kupangwa upya dhidi ya kisu cha chini, oili ibadilishwe kabla ya kuhifadhi wala si baada, ili uchafu na asidi visikae ndani ya injini, na mafuta ya petroli yatiwe dawa ya kuzuia kuharibika au yaondolewe kabisa. Betri za asidi na risasi za magari ya gofu zichajiwe hadi zijae: iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzijoto 50 chini ya sifuri, lakini iliyokwisha chaji inaweza kuganda na kupasuka kwenye nyuzijoto 10 hivi chini ya sifuri. Maji safi ya betri huongezwa baada ya kuchaji. Dawa za kimiminika zihifadhiwe pasipoganda, na orodha ya kila kilichobaki iandikwe, kwa sababu vipuri na mbegu vikiagizwa mapema hufika kabla ya msongamano.

Barafu ikishatanda, siku ziandikwe kuanzia hapo. Theluji laini isiyo na barafu chini yake iachwe, kwa kuwa ni blanketi zuri. Barafu ngumu iliyokaribia ukomo wa aina ya nyasi iliyopo inaweza kulainishwa kwa kutawanyia mchanga mweusi siku ya jua, mradi ile mifereji ya ukingoni iko wazi kupokea maji. Isipigwe kwa sururu wala shoka. Baridi ikianza kupungua, vipande vidogo vya nyasi vikatwe kutoka grini zinazotiliwa shaka, viwekwe ndani penye joto na mwanga, na kumwagiliwa kwa wiki mbili hivi. Kipande kisichochipua kinampa msimamizi muda wa kuongeza oda ya mbegu, kutenga vifuniko vya kuharakisha uotaji, na kuwaambia wanachama ni grini zipi zitakazochelewa kufunguliwa.