Kuigiza mtu mwenye hofu ukiwa na simu tu mkononi

Wanafunzi wangu wakipewa mhusika mwenye hofu, kelele huanza ukurasa wa kwanza. Wakifika wa kumi koo limekauka na hofu haina tena pa kupanda. Dawa yangu ni Sorry, Wrong Number, hadithi ya kutisha iliyochezwa redioni kisha kwenye filamu: Leona, mke tajiri na mgonjwa, yuko kitandani peke yake usiku. Simu zinaingiliana, anasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke saa 5:15, wakati treni inapita darajani, ili mlio wake ufunike ukelele. Baadaye anagundua kwamba mwanamke huyo ni yeye.

Hatua ya 1. Anza na igizo la redio la 1943, alilocheza Agnes Moorehead. Zima taa, sikiliza. Anaanza na kero, si woga. Anamfokea opereta, yule anayeunganisha simu, kama mtu aliyecheleweshewa chai. Andika dakika ambayo kero inageuka woga. Sikiliza tena kesho, maana leo utakosea.

Hatua ya 2. Tazama filamu ya 1948 iliyoongozwa na Anatole Litvak, lakini zima sauti. Mwangalie Barbara Stanwyck na simu yake. Mwanzoni ni chombo cha kuamrishia watu. Baadaye anaing'ang'ania kama mfa maji. Nafasi ile ilimwingiza kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Tuzo hakupata, ila mimi ningempa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Andika maneno yote ya upande wa pili wa simu, hata yale ambayo hadhira haitayasikia. Mwenzako akae chumba cha pili, akusomee. Kijana mmoja alikuwa anaitikia "eeh, eeh" kabla sentensi haijaisha, kwa kuwa alishaikariri. Nikamnong'oneza mwenzake abadilishe maneno. Yule kijana akanyamaza, mdomo wazi, kidole kikazunguka waya wa simu. Hapo nikamwamini.

Hatua ya 4. Gawa pumzi: ndefu kwenye kero, fupi kwenye shaka, ya kuiba kwenye woga. Ukelele ni mmoja, mwishoni. Kwenye mazoezi usiupige zaidi ya mara mbili kwa siku, utaharibu koo.

Hatua ya 5. Kwenye filamu, baada ya ukelele simu inalia, na muuaji ndiye anayejibu kwamba namba imekosewa. Wewe huna neno tena. Lala, na usiongeze mguno.