Tarehe imepita na uchungu hauji: ufanyeje kabla hujapangiwa dripu

Pole dada yangu. Wiki 40 zimeisha, begi la hospitali limeshapangwa na kanga zote, mama mkwe anapiga asubuhi na jioni, na kliniki wameshakwambia ukifika wiki 41 bila uchungu njoo tukuanzishie. Na wewe hiyo dripu hutaki hata kuisikia maana kila aliyepewa anakusimulia makubwa. Nakuelewa kabisa. Kuna vitu vya kufanya, vingine vinasaidia kweli, vingine havidhuru ila usivitegemee, na vingine nakuomba usivisogelee hata bibi akikung'ang'ania vipi. Ila naomba tuelewane kitu kimoja kwanza, tunachotaka ni uchungu uje wenyewe huku mtoto anaangaliwa. Kukaa tu nyumbani unasubiri bila kupimwa ndio kitu cha kuogopa kuliko hiyo dripu yenyewe.

Anza na tarehe, kabla ya tende, kabla ya kutembea, kabla ya kitu chochote. Wengi wanaoambiwa wamepitiliza hawajapitiliza, tarehe yao ilikosewa toka mwanzo. Mimba inahesabiwa siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani ile siku damu imeanza kutoka, sio siku imekata. Hesabu yake rahisi, ongeza miezi tisa na siku saba. Kama damu ilianza tarehe 5 Januari basi tarehe yako ni 12 Oktoba, wiki 41 inatimia tarehe 19 na wiki 42 tarehe 26. Sasa hapo wanachukulia mzunguko wako ni wa siku 28. Kama wewe unaenda siku 35 yai lilichelewa kutoka kama wiki nzima, kwahiyo hata mtoto wako yuko nyuma wiki nzima na ile tarehe ya kwenye kadi inakuonea. Na kama ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha, au umetoka tu kuacha sindano za uzazi wa mpango, hedhi ilikuwa inakuja inavyotaka, basi tarehe ya hedhi hapo haina msaada mkubwa.

Hapo ndio ultrasaundi inaingia, ila ya mapema. Iliyopigwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza inakosea siku tano mpaka saba tu. Ya mwezi wa nane au wa tisa inaweza kukosea wiki mbili tatu, kwasababu watoto wakishakua kila mmoja ana umbo lake, ndio maana unakuta mtu ana karatasi tatu zenye tarehe tatu tofauti anachanganyikiwa, alafu anashika ile ya mwisho akidhani mpya ndio sahihi. Shika ya kwanza kabisa. Itafute hata kama iko chini ya kabati, nenda nayo kliniki, mwambie dokta au nesi ailinganishe na kadi. Na kwa ambaye mimba bado changa anasoma hii, nenda kapige kabla ya wiki 24, ikiwezekana mapema zaidi, utanishukuru huko mwisho.

Haya, tarehe umehakikisha na kweli imepita. Usiogope, watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni wachache sana, kati ya mia hawafiki hata kumi, na mimba ya kwanza ndio inapenda zaidi kuchelewa. Mpaka wiki 41 kama mama hana tatizo wala mtoto hana tatizo, kusubiri hakuna shida, na Shirika la Afya Duniani halishauri uanzishiwe kabla ya hapo bila sababu. Likishauri kuanzishiwa ni ikifika wiki 41 kamili na tarehe ina uhakika. Sio kwamba wanapenda kukusumbua. Kondo la nyuma linachoka, maji yanapungua, mtoto anaweza kunya tumboni alafu akavuta ule uchafu kwenye mapafu. Uswidi walifanya utafiti uliotoka 2019, wanawake zaidi ya 2,700, nusu wakaanzishiwa wiki 41 nusu wakaachwa mpaka wiki 42, ikabidi wausimamishe kabla haujaisha kwasababu upande wa waliosubiri watoto sita walifariki na upande wa walioanzishiwa hakufariki hata mmoja. Ni wachache ukilinganisha na wote, ndio, lakini hiyo ni Uswidi, kwenye vipimo kila kona. Kwahiyo mimi ushauri wangu ni huu, pambana kati ya wiki 39 na 41, na ukivuka 41 usibishane kwa ajili ya kubishana, na 42 usiifikie kabisa.

Na kuna watu hii habari ya kusubiri haiwahusu hata kidogo. Kama una presha, sukari, mapacha, ulishaambiwa mtoto hakui vizuri au maji yamepungua, chupa imepasuka, unatoka damu, basi ukiambiwa leo ni leo. Aliyewahi kufanyiwa oparesheni ya kuzaa naye akae na dokta mapema apange, asisubiri wiki 41 ndio aanze kuuliza.

Wakati unasubiri kazi yako ya kila siku ni mtoto kucheza. Kuna huu usemi wa kwamba mtoto akikaribia kutoka anatulia, jamani sio kweli na umeshaliza watu. Aina ya kucheza inabadilika, atajinyoosha na kusukuma zaidi kuliko kurusha mateke maana nafasi imebana, ila kucheza hapunguzi. Kila siku muda uleule anaopenda kucheza, wengi ni jioni baada ya kula, lala ubavu wa kushoto, weka simu pembeni, hesabu. Akifika mara kumi ndani ya masaa mawili vizuri. Hajafika, au wewe mwenyewe tu unaona leo sio kawaida yake, unaenda hospitali usiku huohuo. Usinywe soda ukasubiri asubuhi. Na ukipitisha tarehe omba upimwe mara kwa mara, mapigo ya moyo ya mtoto na ultrasaundi ya kuangalia maji, angalau mara mbili kwa wiki kama hospitali yenu inaweza.

Sasa tuje kwenye kuuita uchungu.

Chenye nguvu kuliko vyote hakifanyikii nyumbani. Mkunga akikupima njia anaweza kuingiza kidole kwenye mlango wa kizazi akakizungusha kutenganisha ule utando wa chupa na ukuta wa kizazi, mwili ukatoa zile kemikali zinazolainisha njia. Dakika chache tu, unauma kiasi, unaweza kutoka ute wenye damu kidogo na tumbo likakaza siku hiyo, hivyo ni kawaida ila damu ikija nyingi rudi. Hii inapunguza kweli idadi ya wanaofikia kuanzishiwa na ndio maana hata Shirika la Afya Duniani linaishauri. Tatizo letu wengi hawaijui na hospitali zenye foleni ndefu hawakwambii mpaka uulize. Uliza. Sema hivi, "Dada nesi shikamoo, naomba kuuliza, siku zangu zimepita, njia yangu imelainika? Kama imeanza kufunguka naweza kutenganishiwa utando kabla ya kupangiwa dripu?" Kwa upole tu, na kadi mkononi. Kama njia bado imefunga kabisa haiwezekani, atakwambia urudi baada ya siku mbili tatu. Na una haki ya kukataa pia, asikufanyie bila kukwambia.

Tende. Watu wa pwani hii hatukuanza leo, na Bi Maryam mwenyewe kwenye Qur'an ule uchungu ulipomkuta chini ya mtende aliambiwa atikise shina zimwangukie tende mbivu ale. Huko Jordan walifuatilia akina mama waliokula tende sita kwa siku wiki nne za mwisho, wakakuta walioanza uchungu wenyewe walikuwa wengi kuliko wasiokula na njia zao zilikuwa zimefunguka zaidi walipofika hospitali. Utafiti ulikuwa mdogo, sikudanganyi kwamba ni dawa, ila ni chakula, haina hasara. Anza wiki 36, usianze wiki 41 ukategemea muujiza. Mwenye kisukari cha mimba aache au aulize kwanza.

Matiti nayo yanafanya kazi, kwasababu chuchu zikichezewa mwili unatoa homoni ileile ambayo iko kwenye dripu. Sasa kwasababu ni ileile ndio maana uwe makini. Upande mmoja kwa wakati mmoja, dakika chache, ukisikia tumbo limekaza acha mpaka liachie, na kama mimba yako ina tatizo lolote au una kovu la oparesheni usifanye nyumbani kabisa. Inasaidia zaidi kama njia imeshaanza kulainika.

Kutembea ni kuzuri, nusu saa jioni jua likipungua, mwendo wa kawaida, sio kujikomesha ngazi za ghorofa mpaka unaishiwa pumzi, utafika leba huna nguvu. Tendo la ndoa halina ushahidi mkubwa kwamba linaleta uchungu, ila kama unajisikia, chupa haijapasuka, hutoki damu na kondo halijakaa chini, halina shida, na kama hujisikii mwambie baba watoto asikuletee habari za tiba. Pilipili, nanasi, bamia, kula kama unapenda, uchungu havileti, pilipili itakuletea kiungulia tu. Na lala, tafadhali lala, mwili uliochoka na wenye stresi sio rafiki wa uchungu. Hao wanaotuma meseji bado tu bado tu, mpe mumeo au mdogo wako simu awajibu.

Mafuta ya nyonyo naomba tuyaache. Yanaharisha, unapoteza maji, unafika leba umelegea, na tumbo likikaza ovyo mtoto naye anapata shida. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, zile za kuchemsha ambazo shangazi anakuletea kwenye chupa kwa nia njema kabisa, shida yake hakuna anayejua kipimo, kizazi kinaweza kukaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Mpokee shangazi, mshukuru, usinywe. Na kama ulishakunywa mwambie nesi ukifika, hata kama atagomba, kwasababu akikuwekea na dripu juu yake ni hatari.

Halafu vidonge vya miso, yaani misoprostol, vya kununua duka la dawa, hapa sibembelezi. Hospitali wakitumia kuanzishia uchungu wanatoa maikrogramu 25 kwa mara moja, na kidonge kinachouzwa kwa kawaida kina 200. Yaani kidonge kimoja ni dozi nane. Mwenye kovu la oparesheni ndio haruhusiwi hata hicho kidogo. Asikudanganye mtu kwamba jirani alitumia akazaa salama.

Ukifanya yote na uchungu usije, basi unaanzishiwa, na hujafeli chochote. Ile habari ya kwamba dripu lazima iishie kwenye kisu, tafiti nyingi zikiunganishwa zinaonyesha walioanzishiwa baada ya siku kutimia hawapasuliwi zaidi ya waliosubiri, pengine hata pungufu kidogo. Kinacholeta shida mara nyingi ni kuwekewa dripu wakati njia bado ngumu na imefunga. Kwahiyo uliza, njia yangu ikoje, mtaanza na nini? Kama bado ngumu inalainishwa kwanza, kwa vidonge vidogo vya hospitali au ule mpira wenye puto linalojazwa maji, na inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, jiandae kisaikolojia na uwe umekula. Dripu ikiwekwa uchungu unaweza kuja kwa kasi na kwa kubana kuliko ule wa kawaida, hilo wanaokusimulia hawakudanganyi, kwahiyo uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu, omba usilazwe chali muda wote, kaa, simama pembeni ya kitanda, lala ubavu, na mwenye dripu haachwi peke yake, mapigo ya mtoto yanasikilizwa mara kwa mara. Kama hospitali inaruhusu mtu wa kukaa na wewe chagua mwenye roho ngumu na mdomo wa heshima, mama yako au dada, awe anaita nesi ukikaza mfululizo bila kupumzika.

Na kabla hujafika huko, saa yoyote ukitoka damu kama ya hedhi, chupa ikipasuka hasa maji yakiwa ya kijani au kahawia, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje siku uliyopangiwa. Weka kabisa namba ya bodaboda au bajaji ya usiku na hela yake pembeni, kadi juu ya begi.