Kufungiwa AC Dar es Salaam: gharama, leseni na mambo ya kusimamia kabla hujamlipa fundi

Nafunga viyoyozi hapa Dar es Salaam. Kuanzia Januari hadi Machi, joto likishika jiji, simu huita na maneno ni yaleyale: “Fundi, AC imeisha gesi, njoo uniongezee.” Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka mlemle kwenye mabomba mwaka hata mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi mahali hapo paliharibiwa siku mashine ilipofungwa.

Mama mmoja wa Tabata alikuwa ameongezewa gesi mara tatu ndani ya mwaka na nusu. Nilipovua sponji nyeusi kwenye maungio ya mashine ya nje, nati moja ilikuwa imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake. Nikapaka povu la sabuni. Likaanza kuchemka palepale. Mdomo wa bomba, ule tunaouita fleya, ulikuwa umechanika upande mmoja. Nikakata kipande kidogo, nikatanua mdomo upya, kazi ikaisha. Hela alizokwishatoa kwa gesi zingemlipa fundi makini tangu mwanzo, na chenji ikabaki. Ndiyo maana naandika hatua hizi.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla hujaenda dukani

Chukua futi kamba, pima urefu na upana kwa mita, zidisha. Kwa hali ya hewa ya pwani mimi huhesabu BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 ni mita za mraba 14, hivyo mashine ya BTU 9,000 inatosha ikiwa kuna dari na kivuli. Kama ukuta unapigwa na jua la jioni, au juu ni mabati bila dari, panda hadi 12,000. Mashine ndogo kupita kiasi haipumziki; kubwa mno inawaka na kuzima haraka, chumba kinabaki na unyevu.

Kisha piga hesabu ya LUKU. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 inakula takribani kilowati 1.1 kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikiwa inafanya kazi. Usiku wa saa nane mfululizo ni karibu uniti 9, na kwa tarifa ya kawaida ya nyumbani, takribani shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya shilingi 3,000. Kama uko kwenye tarifa ya wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, AC pekee inaweza kuzimaliza ndani ya siku tisa. Kwa anayelala na AC kila usiku, mashine ya inveta, inayopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, inarudisha tofauti yake ya bei.

Mashine za mtumba zinazotumia gesi ya R22 ziache, hata bei ikivutia vipi. Gesi hiyo inaondolewa sokoni kufuatana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zimewekewa 2030 kuwa mwaka wa kuimaliza, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Tafuta iliyoandikwa R32 au R410A.

Hatua ya 2: Mjue unayemwita

Kwa chumba kimoja au viwili vya nyumbani, mimi sikuambii utafute kampuni kubwa. Mwombe fundi akuonyeshe cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, cha majokofu na viyoyozi. Aliyesoma hachukii kuulizwa.

Laini ya umeme ni suala jingine. Kuvuta waya mpya kutoka kwenye breka ni kazi ya ufungaji umeme, na chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inatakiwa ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni hizo zina madaraja, kwa hiyo soma daraja lake na tarehe ya mwisho. Fundi wa AC asiye na leseni hiyo si lazima umfukuze. Aje na fundi umeme aliye nayo.

Ukiwa na lodji, ofisi au jengo la ghorofa, hapo unahitaji mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Uliza amesajiliwa kwa kazi za aina gani na daraja lipi, maana mkandarasi wa majengo si mkandarasi wa mitambo. Majina yao hayafichwi, yahakiki mwenyewe badala ya kuamini fotokopi. Kampuni iwe pia na namba ya mlipakodi (TIN), usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya biashara.

Hatua ya 3: Makadirio yaandikwe

“Kufunga, laki na nusu” si makadirio. Yanatakiwa yatenganishe ufundi, mabomba ya shaba kwa mita, waya, breka, kilinda umeme, stendi ya mashine ya nje, bomba la kutolea maji na usafiri. Mimi kwa mashine ya BTU 12,000 hutoza shilingi 120,000 za ufundi, vifaa mbali, na nikienda Kigamboni naongeza nauli. Mwingine atakuwa juu au chini yangu. Akiwa chini sana, muulize swali moja tu: “Utakuja na pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kwenye mabomba?”

Bei inayumba zaidi kwenye umbali kati ya mashine ya ndani na ya nje. Bomba linalokuja kwenye boksi mara nyingi ni mita tatu hivi. Kila mita ya ziada ni shaba, sponji na waya, na umbali ukizidi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, gesi nayo huongezwa, kwa mashine ndogo kama gramu 15 hadi 20 kwa mita. Kuhamisha mashine ya nje kutoka nyuma ya nyumba hadi chini ya dirisha kunaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko kubishana bei ya ufundi.

Ukikaa karibu na bahari, tuseme Msasani au Mbezi Beach, dai stendi iliyopakwa zinki na bolti zisizoshika kutu. Chumvi haina huruma na chuma cha kawaida.

Hatua ya 4: Simama pale siku ya kufunga

Usiende kazini ukamwachia dada wa nyumbani funguo. Unachokilipia hasa kinafanyika katika saa moja ya mwisho, na hakionekani tena baadaye.

Angalia fleya kabla haijafungwa. Mdomo uwe laini, sawa pande zote, bila mchaniko. R410A na R32 zinafanya kazi kwa presha ya karibu mara 1.6 ya R22, kwa hiyo fleya iliyovumilia zamani sasa haivumilii.

Kisha subiri uone pampu. Ndani ya mabomba mapya kuna hewa na unyevu. Pampu ya vakyumu inashusha presha mpaka maji yaliyomo yanachemka bila moto na kutolewa nje kama mvuke. Iache izunguke nusu saa, fundi afunge geji, azime pampu, msubiri dakika kumi. Mshale ukipanda, kuna tundu au unyevu umebaki. Ukitulia, ndipo afungue gesi.

Njia ya mkato utaitambua kwa sauti. Fundi analegeza nati ya nje, anafungua valvu kidogo, gesi inafanya “fsss” na kufukuza hewa, anakaza, anasema tayari. Unyevu unabaki ndani, unachanganyika na mafuta ya kompresa na kutengeneza asidi, na kompresa inakufa polepole. Gesi iliyopulizwa nayo imepungua kutoka siku ya kwanza. Ukiona hivyo, simamisha kazi.

Umeme: AC iwe na laini yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mashine ndogo, breka ya ampia 16 au 20, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyounganishwa kweli. Isigawane soketi na friji.

Hatua ya 5: Kabla hujatoa salio

Mimina chupa ya maji kwenye trei ya mashine ya ndani. Yatoke nje kwa bomba yenyewe, bila kusukumwa. Washa mashine dakika ishirini, milango imefungwa, upime joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaridhisha. Fundi apime ampia kwa klampu mita, kifaa kinachobana waya na kusoma umeme unaopita, na mzilinganishe na stika ya mashine.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikiwa umetumia kampuni, na maandishi ya dhamana ya ufundi yenye tarehe. Dhamana ya duka ni ya mashine tu. Uvujaji wa nati ni wa aliyefunga.

Chujio la ndani lioshe mwenyewe kila wiki mbili, na sevisi kamili mimi napendekeza kila miezi mitatu, hasa penye vumbi au karibu na bahari. Na siku atakayekuja kusafisha akikuambia gesi imepungua, mpe sabuni na kikombe cha maji, aanze na nati zile nne, mbili za nje na mbili za ndani, kabla hajagusa mtungi.