Namba ya Gari na Mwezi wa Kununua: Kutoka London hadi Mombasa

Gari la Uingereza hubeba kipindi chake cha usajili waziwazi kwenye kibati cha namba, mbele na nyuma. Jirani akitupa jicho tu anajua limeingia barabarani lini. Ndiyo maana wanunuzi wa huko hujazana kwa wauzaji mwezi Machi na Septemba, na Februari na Agosti wauzaji hubaki wakipiga miayo. Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayeishi Uingereza na anataka gari jipya, na aliye Kenya au Tanzania anayeagiza lililokwisha kutumika huko. Wote wanasoma kibati kimoja, ila hawatafuti kitu kimoja.

Kusoma kibati

Tangu 1 Septemba 2001, namba huwa na herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Herufi za mwanzo zinataja eneo la usajili (L ni London, S ni Uskoti). Tatu za mwisho ni za kutofautisha gari moja na jingine. Kazi yote iko kwenye tarakimu.

Gari lililosajiliwa kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti hupewa tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Lililosajiliwa kuanzia 1 Septemba hadi mwisho wa Februari hupewa tarakimu hizo zikijumlishwa na 50. Basi 24 ni Machi hadi Agosti 2024, 74 ni Septemba 2024 hadi Februari 2025, na 25 ni Machi hadi Agosti 2025. Ukiona namba iliyopita 50, toa 50. Kumbuka lakini kwamba kipindi cha Septemba kinavuka mwaka: lenye 74 laweza kuwa la Oktoba 2024 au la Januari 2025. Mwingereza hajali. Wa Mombasa atajali sana, na tutafika huko.

Namba za Ireland ya Kaskazini hazionyeshi umri. Namba za kujinunulia zinaweza kuuficha, ingawa sheria hairuhusu gari kuvishwa namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Na namba inayoanza na Q maana yake umri au asili ya gari havikuthibitishwa. Kama unaagiza kwenda nje ya nchi, lipite.

Zamani alama ya mwaka ilibadilika mara moja tu, 1 Agosti, na mwezi huo peke yake ulibeba karibu robo ya mauzo ya mwaka mzima. Mwaka 1999 mabadiliko yakagawanywa mara mbili. Mlima mmoja ukawa vilima viwili, na kabla ya kila kilima pana bonde. Humo bondeni ndimo penye bei za kujadili.

Ukitaka namba mpya

Usingoje Machi ndipo uende kuulizia. Gari la kuagizwa kiwandani huchukua miezi, na hata lile ambalo muuzaji tayari analo linahitaji wiki kadhaa za karatasi na matayarisho. Anza Januari kwa namba ya Machi, na Julai kwa namba ya Septemba.

Tarakimu hufuata siku gari linaposajiliwa DVLA, yaani mamlaka ya usajili ya huko. Hazifuati siku uliyolipa wala siku uliyokabidhiwa funguo. Hapa ndipo watu wanapoumia: mkataba unataja tarehe ya kukabidhiwa gari tu, muuzaji ana hesabu zake za kufunga, analisajili tarehe 27 Februari, na wewe unalichukua tarehe 3 Machi likiwa na namba ya jana. Andikisha kwenye mkataba sentensi moja: gari lisajiliwe kwa jina langu, tarehe 1 Machi au baada yake. Kisha ukipata V5C, ambayo ndiyo kadi ya gari ya Uingereza, tazama kisanduku B. Hapo ndipo penye tarehe ya usajili wa kwanza.

Wiki ya kwanza ya Machi si wakati wa kuomba punguzo, maana foleni ni ndefu na muuzaji hana shida na wewe. Rudi wiki ya mwisho. Robo ya mwaka inafungwa tarehe 31, na duka lililobakiza magari mawili kufikia lengo lake husikiliza vizuri zaidi. Septemba ni vivyo hivyo. Machi ina faida moja zaidi: viwango vya kodi ya barabara hubadilishwa 1 Aprili, na karibu kila mara ni kwenda juu, kwa hiyo gari lililosajiliwa mwezi Machi huanza na kiwango cha zamani.

Ukikubali namba ya zamani

Februari na Agosti gari lilelile, la kilomita sifuri, huuzwa kwa punguzo kubwa zaidi kwa sababu baada ya siku chache litaonekana limezeeka kwa nusu mwaka. Je, ni faida au ni mtego? Hesabu yake ni rahisi, na ajabu ni kwamba wachache huifanya.

Fungua matangazo ya magari yaliyotumika. Chukua modeli ileile, injini ileile, yenye umri wa miaka mitatu hivi na maili zinazokaribiana. Tafuta kumi yenye tarakimu 72 na kumi yenye 23. Toa wastani wa bei ya kundi moja kwenye lingine. Tofauti utakayoiona ndiyo bei ya tarakimu. Tuseme imetoka pauni 1,000. Kama Februari unapewa punguzo la pauni 2,200 zaidi ya lile la Machi, chukua la Februari, umebakiwa na 1,200. Kama punguzo la ziada ni 600, unamsaidia muuzaji kusafisha ghala lake na utalipa 400 siku ya kuuza. Anayekusudia kukaa na gari miaka minane au kumi asihangaike na hesabu hii: kufikia hapo bei inaamuliwa na maili, kutu na kitabu cha matengenezo.

Jihadhari na gari ambalo duka limelisajili kwa jina lake lenyewe ili kufikia lengo la robo mwaka, halafu likaliweka sokoni kama jipya. Bei yake huvutia na halijaendeshwa, lakini wewe utaandikwa mmiliki wa pili. Dhamana ya kiwanda ilianza kuhesabika siku ya usajili, si siku yako ya kununua, na ukaguzi wa kwanza wa lazima, MOT, utafika miaka mitatu tangu siku hiyohiyo. Uliza swali moja: lilisajiliwa tarehe ngapi? Likiwa limekaa miezi mitano, umepoteza miezi mitano ya dhamana, na hiyo ikatwe kwenye bei.

Kwa gari lililotumika, subiri vilima vipite. Watu wakichukua namba mpya huacha magari yao ya zamani kwa wauzaji, na magari hayo hufika sokoni Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba. Wingi huo ndio unaolegeza bei.

Ukiagiza kuja Mombasa

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi umri wa miaka minane, kwa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, na umri huo unahesabiwa kwa mwaka wa usajili wa kwanza. Njia ya haraka: toa saba kwenye mwaka wa sasa. Mwaka 2026 yanaingia yaliyosajiliwa kuanzia 1 Januari 2019. Ya 2018 yalipaswa kuwa yamefika nchini kufikia 31 Desemba 2025.

Sasa rudi kwenye kibati. Tarakimu 68 ni Septemba 2018 hadi Februari 2019. Kwa muuzaji wa Birmingham magari yote ya 68 ni ndugu, bei zao zinalingana. Kwa Mombasa si ndugu kabisa: la Novemba 2018 mlango umefungwa, la Februari 2019 linapita. Na ndivyo itakavyokuwa kila mwaka, 69 kwa mwaka 2027, 70 kwa mwaka 2028. Yale ya Januari na Februari ni machache, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi ambayo Mwingereza hataki kusajili gari, lakini yapo, na mara nyingi ni yaleyale yaliyouzwa kwa punguzo la bondeni.

Kuyapata, fanya hivi:

1. Tafuta tangazo lenye tarakimu unazozitaka, kisha omba namba kamili. Wauzaji wengine huziba kibati kwenye picha. Asiyetaka kukupa namba hata kwa ujumbe, mwache.

2. Iingize namba hiyo kwenye ukurasa wa serikali ya Uingereza wa taarifa za magari. Ni bure, na utaona mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza pamoja na mwaka wa kutengenezwa.

3. Fungua ukurasa wa historia ya MOT, nao bure. Ukaguzi wa kwanza ukiwa umefanyika karibu na Februari 2022, hesabu ya usajili wa Februari 2019 inakubaliana. Papo hapo fuatilia maili za kila mwaka. Zikirudi nyuma, funga ukurasa.

4. Omba picha ya V5C kabla ya kulipa. Linganisha kisanduku B, tarehe ya usajili wa kwanza, na B.1, tarehe ya usajili wa kwanza ndani ya Uingereza. Zikitofautiana, gari liliwahi kusajiliwa nchi nyingine, na karatasi za huko nazo utaulizwa.

5. Mwaka wa kutengenezwa na wa usajili vikipishana mwaka mmoja, ni kawaida kwa magari ya Januari na Februari. Vikipishana zaidi ya hapo, tafuta jingine.

6. Ukaguzi wa ubora ufanyike huko kabla gari halijapakiwa, na wakala aliyeteuliwa na KEBS. Cheti ndicho kinachofungua bandari.

Kuanzia Septemba utaona magari ya mwaka unaokaribia kufungiwa yakiuzwa kwa bei ya kutamanisha. Kinachohesabiwa ni siku ya kufika Kenya, si siku ya kupakiwa wala tarehe iliyo kwenye hati ya meli. Meli hukawia, na njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema huongeza wiki. Weka miezi mitatu kati ya malipo na 31 Desemba. Ukiambiwa mwezi Novemba kwamba itawahi, mwambie anayesema hivyo aandike kwamba atakurudishia pesa zako.

Jambo jingine: KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hupunguza thamani ya gari kadiri ya umri kabla ya kutoza ushuru, kwa hiyo gari lililo karibu na mpaka wa miaka minane ndilo hupata punguzo kubwa zaidi la thamani. Ndiyo sababu yadi za Nairobi na Mombasa zimejaa magari ya miaka saba.

Namba ya Kenya haisemi mwaka

Hapa wengi huchanganya. Namba za KDA, KDB na kuendelea hutolewa kwa foleni. Herufi I na O hazitumiki kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Zinabaki 24, na kila herufi ya mwisho hubeba magari 999, kwa hiyo kundi la KDA haliwezi kuzidi magari 23,976. Likijaa, linafuata jingine. Gari la 2018 lililoshuka bandarini mwaka 2025 lina herufi za mbele kuliko lililonunuliwa jipya Nairobi mwaka 2021.

Herufi ya karibuni inakuambia kitu kimoja cha kweli: gari halijakaa sana kwenye barabara zetu, na hilo lina thamani yake. Lakini matangazo hulitanguliza hilo kabla hata ya injini, na watu hulipia herufi kana kwamba ni gia mpya. Omba kitabu cha gari, soma mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya usajili, na uhakikishe rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inasema vilevile. Ukiona mawili ya mwaka mmoja yanatofautiana bei kwa sababu ya herufi tu, mpeleke fundi kwenye lile la bei nafuu kwanza. Mwezi wa kujadili ni Januari: mwaka umegeuka, gari halijasogea hata hatua yadini, lakini kila mnunuzi analiongezea mwaka.

Tanzania wanaita namba D au namba E, kwa herufi inayofuata tarakimu tatu, na tangazo la Toyota IST bila kutaja herufi hiyo halipigiwi simu. Nayo ni foleni ya usajili, si mwaka. Tofauti kubwa iko kwenye kodi: TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hutazama mwaka wa kutengenezwa, na tozo ya uchakavu huanza gari likifikia miaka minane, kisha hupanda likipita kumi. Lile gari letu la Februari 2019, ambalo kiwandani lilitoka Novemba 2018, Mombasa ni la 2019. Dar es Salaam ni la 2018. Kabla ya kulipia, weka mwaka wa kutengenezwa kwenye kikokotoo cha TRA, si ule ulioandikwa kwenye tangazo.