Ukitaka maoni ya wazee kuhusu nyumba za serikali, nenda na chaki

Ramani ya jengo iache ofisini. Mara ya kwanza niliwatandikia wazee wa Ng'ambo, hapa Unguja, karatasi kubwa juu ya meza. Waliitazama, wakasema "Mashallah, nzuri mwanangu," wakauliza chai iko wapi.

Siku hizi nabeba chaki, kamba na tepu. Muombe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, uwanja wa skuli baada ya sala ya alasiri, jua likishapoa, Ijumaa usithubutu. Nauli wape mkononi kabla hamjaanza. Kina bibi wawe na mwanamke mwenzao, maana habari za choo hawatazisema mbele ya wanaume.

Chora fleti chini kwa vipimo vyake vyenyewe, weka na kitanda cha kweli. Kisha mwambie bibi ajifanye kaamka usiku, umeme umekatika, aende msalani. Wewe nyamaza, mtazame mkono: unapopapasa ndipo pa kutia swichi na chuma cha kushikia. Mmoja alifika chooni akasimama. "Natawadhia wapi?" Tulikuwa tumechora beseni la kiunoni, mguu wake haufiki huko. Tukashusha bomba, tukaongeza kibao cha kukalia.

Ngazi wajaribishe kwa matofali. Kidato cha sentimita 15 wanapanda huku wanapiga soga. Kikifika 20, soga linakatika.

Wapeleke pia Michenzani, kwenye yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Mzee aliyezeekea ghorofani atawaeleza wenzake kuhusu maji na upweke kuliko mhandisi yeyote. Watakachokililia ni baraza: mlangoni kwao walikaa wakasalimiwa na kila mpita njia. Basi dai sehemu ya kukaa kila ghorofa, inayotazama njia.

Siku moja babu mmoja alinitania: "Kupanda nitapanda kwa miguu. Kushuka je?" Nilichelewa kuelewa. Tulichukua mbao mbili ndefu kama jeneza, vijana wanne wakazibeba hadi kwenye kona ya ngazi tuliyoichora. Hazikupita ila kwa kusimamishwa. Kona ile ikapanuliwa.

Mchoro ukirudi, wasomee na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Sisi tulinyimwa lifti. Wazee wakashauriana, wakataka fleti za chini zigaiwe kwao kwanza. Nikaandika palepale, sheha akatia saini wakimtazama.